Dole Gumba Halihesabiwi

Siku ya mwisho ya kazi ya mwezi wa saba, saa nne asubuhi, Mkutubi alitoka ofisini na ratiba mpya mkononi na pini nne mdomoni. Aliibandika kwenye ubao wa matangazo, pini mbili juu na mbili chini, akarudi nyuma hatua tatu kuangalia kama imekaa sawa. Haikukaa sawa. Ubao wenyewe ulilalia kushoto tangu mvua za mwaka juzi zilipoingia ukutani, na kila kilichobandikwa pale kilionekana kama mtu anayesikiliza mlangoni.

Ratiba ya maktaba ilikuwa na mambo manne, yale yale ya kila mwezi. Jumamosi ya kwanza, kisomo cha watu wazima, chumba cha nyuma. Jumatano ya pili, saa ya hadithi kwa watoto. Alhamisi ya tatu, muuguzi anakuja kupima macho. Jumamosi ya mwisho, mashindano ya vitendawili, mshindi anapewa kalamu.

Kisomo kilikuwa mara moja tu kwa mwezi kwa sababu chaki iliyoletwa na makao makuu ilitosha Jumamosi moja. Mwezi wa kwanza walisoma a, e, i, o, u. Mwezi wa pili ma, me, mi, mo, mu. Wakaenda hivyo, mwezi kwa mwezi, kama mtu anayepanda ngazi na mzigo kichwani. Wanafunzi walikuwa kumi na mmoja. Alikuwepo mpiga lipu mwenye kucha nyeupe za saruji, walikuwepo wauza mkaa wawili wasiosemeshana, na alikuwepo mwanamke mmoja aliyefua nguo za watu, ambaye mtaa mzima ulimwita Dobi. Dobi alinukia sabuni ya mche. Ukimsikia amepita, amepita. Huna haja ya kugeuka.

Dobi alikuwa na daftari. Alilifunga kwenye mfuko wa nailoni, akalitia mfukoni mwa aproni, na hata akifua aliinama upande ili lisilowe. Lilikuwa la binti yake, mtoto wake wa pekee, aliyefariki mwaka jana kwa ugonjwa wa figo.

Habari yenyewe ni fupi. Hospitali walimpa Dobi kadi yenye siku ya kumrudisha binti. Kadi ilisema Jumanne. Dobi aliiangalia, akaiweka mfukoni, akakumbuka kichwani mwake Alhamisi. Wakaenda Alhamisi. Daktari alisema Jumanne au Alhamisi, pengine isingekuwa na tofauti. Kati ya maneno yote ya daktari, Dobi alirudi nyumbani na hilo moja: pengine.

Mama na binti walikuwa watu wa vitendawili tangu binti akiwa na meno ya utoto. Walitegana wakifua, walitegana wakianika, na aliyeshindwa alitoa mji. Dobi alikuwa amepewa miji mingi na ametoa michache. Siku tatu kabla ya kufa, binti alisema kutoka kitandani, "Kitendawili."

"Tega," mama akajibu.

"Yafuliwa kila siku, haitakati, na doa haina."

Dobi alifikiri mpaka wauguzi wakaja kubadilisha shuka. Akasema, "Nimeshindwa. Chukua mji."

"Mji siutaki, Mama. Jibu nimekuandikia. Utalisoma mwenyewe."

"Mie na kusoma, wapi na wapi?"

"Nimeandika herufi kubwa, moja moja. Sijakuambia usome leo."

Kwa hiyo Dobi alikataa kusomewa na mtu yeyote. Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, aliyekaa naye nyumba moja, alijitolea mara nyingi. "Wifi, lete hapa nikumalizie kazi. Mistari mitatu tu hiyo, unaibeba kama hati ya nyumba."

"Maneno ya mwanangu yatapita mdomoni mwako, na mdomo wako naujua."

"Mdomo wangu una nini?"

"Una chumvi."

Wifi alicheka, akaacha. Daftari likarudi kwenye nailoni.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa nane walisoma sa, se, si, so, su. Darasa lilipokwisha, Mkutubi alipitisha fomu ya mahudhurio kama kawaida. Ilikuwa na safu tatu: namba, jina, sahihi. Majina aliyaandika yeye. Kwenye sahihi kila mwanafunzi alibonyeza dole gumba kwenye wino wa mhuri, kisha kwenye karatasi.

"Dole langu hili lina saruji," alisema Mpiga Lipu. "Litawakwaruza macho huko makao makuu."

"Wakwaruze tu," alisema Mkutubi. "Ndilo lako."

Chini ya fomu palikuwa na kisanduku kidogo kilichoandikwa *kwa niaba*, ambapo mfanyakazi angeweza kumtilia sahihi mtu asiyejua kuandika. Mkutubi hakukigusa hata siku moja. Alikuwa na msemo wake: sahihi ni kama mswaki, haiazimwi. Kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kuandika kwenye fomu jambo ambalo hakuliona kwa macho yake.

Siku ile Dobi alibaki nyuma, akifuta ubao. "Mwalimu, kwenye jibu langu nimezijua herufi zote isipokuwa tatu. Nimehesabu. Moja ina pembe mbili chini, moja ina matawi mawili juu, na moja kama ufunguo."

Mkutubi hakuomba kuona daftari. Alichora hewani kwa kidole: w, y, f. Dobi akaitikia kwa kichwa kila mara.

"Hizo ni somo la tisa, la kumi na la kumi na moja," alisema Mkutubi. "Mwezi wa tisa, wa kumi, wa kumi na moja. Kabla mwaka haujaisha utakuwa umelisoma."

"Maana hivi sasa nina *mama*, na *uanike*, na *tena*. Yamekaa kama vibanio kwenye kamba isiyo na nguo. Ananiambia nianike. Nianike nini?"

"Miezi mitatu, mama. Si mingi."

"Si mingi," alisema Dobi, akakung'uta kifutio dirishani.

Makao makuu husoma fomu za matawi yote mara moja kwa mwaka, katikati ya mwezi wa nane. Barua yao ilifika siku ya Jumatatu. Ilisema kwamba dole gumba halihesabiwi kuwa sahihi. Kwamba kwa miezi minane mahudhurio ya kisomo katika tawi hili ni sifuri. Na kwamba programu isiyofikisha watu kumi mwezi ujao itafutwa kwenye ratiba. Utaratibu ulitaka barua ibandikwe. Mkutubi aliibandika kwa pini nne.

Tangu alasiri hiyo wanafunzi wa kisomo hawakuonekana tena.

Hawakwenda popote. Walikuwepo, ila macho yalipita pale walipo na kutua nyuma yao, kama yanavyopita kwenye kioo kisafi. Bawabu wa maktaba ndiye aliyegundua wa kwanza, maana geti lilifunguka na kujifunga.

"Dobi," alisema bila kuinuka, "funga vizuri, komeo limelegea."

"Umejuaje ni mie?"

"Nina pua. Wenzako wa mkaa nao nimewajua. Huyo wa lipu amenikanyaga."

Nyumbani, wifi yake alipakua chakula sahani mbili, akakaa akiangalia kijiko kinavyopanda na kushuka. "Wifi, ukimaliza usiondoke kimyakimya. Nitakuja kukukalia hapo, tuanze kesi." Wateja waliendelea kuacha nguo mlangoni asubuhi na kuzikuta kwenye kamba jioni. Mmoja alisema afadhali hivi, dobi asiyeonekana haoni nguo zako za ndani. Watu hawakufuatilia zaidi. Kila mtu alikuwa na lake.

Dawa ya jambo lile ilijulikana, na ilikuwa kwenye barua yenyewe: sahihi kumi. Mkutubi alifungua chumba cha nyuma kila mchana wakati wa mapumziko, akaacha kula. Chaki haikuwepo, kwa hiyo walitumia vipande vya lipu alivyoleta Mpiga Lipu. Hawakusoma w wala y. Hapakuwa na muda. Kila mtu alijifunza herufi za jina lake tu, basi, na za jirani hazikumhusu. Mkutubi alisimama mbele ya viti kumi na kimoja vitupu na kuona vipande vya lipu vikitembea kwenye vibao.

"Nani huyu anaandika mkia kwa juu?"

"Mie, Mwalimu," sauti ya muuza mkaa mmojawapo.

"Geuza."

"Mgeuzie Mwalimu," alisema muuza mkaa wa pili, na hayo ndiyo yalikuwa maneno ya kwanza kumwelekea mwenzake kwa miaka minne.

Dobi aliandika jina ambalo mtaani halikujulikana, jina alilopewa na mama yake, lenye herufi sita. Alipolimaliza mara ya kwanza alilihesabu herufi kwa herufi. Halafu akasema, "Kumbe ni fupi hivi."

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tisa, kalamu ilipita kiti kwa kiti. Ilitetemeka, ilitulia, ilikandamiza karatasi hadi ikatoboa mahali pawili. Sahihi kumi na moja, kila moja imeandikwa na mwenyewe. Mpiga Lipu alisema sasa nyumbani watoto watamwona anavyowakunjia uso, maana siku hizi walikuwa hawaogopi. Wote walicheka. Mkutubi aliipeleka fomu posta kwa miguu yake mwenyewe, akasubiri mpaka ikagongwa mhuri.

Wiki mbili walikaa wakijiangalia mikono.

Jibu lilikuja kwenye karatasi nusu. Makao makuu yalishukuru kwa sahihi kumi na moja. Yalikumbusha kwamba mlengwa wa kisomo ni mtu mzima asiyejua kuandika. Mtu aliyeandika jina lake mwenyewe si mlengwa. Walengwa waliohudhuria: sifuri.

Mkutubi aliisoma mara mbili, akapiga simu. Aliyepokea alikuwa mkaguzi wa programu, mtu mpole, alikuwa anatafuna kitu.

"Mama, ninyi mlinishangaza toka mwanzo," alisema Mkaguzi. "Matawi yote wanaandika kwa niaba. Wewe peke yako ndiye unatuletea vidole."

"Basi nitawaandikia kwa niaba. Hawa hawa."

"Hawa haiwezekani tena. Wamethibitika wanajua kuandika, tena kwa ushahidi wako. Andika wengine."

"Wengine gani?"

"Wengine, mama."

"Hakuna wengine. Wanaokuja ni hawa."

"Mimi nataka kukusaidia," alisema Mkaguzi. "Kisomo kikifutwa, chumba kinakuwa stoo ya viti vibovu. Kumi tu. Mchana mwema."

Siku hiyo sauti za wanafunzi zilianza kupungua. Mwanzo zilikuwa kama redio ya nyumba ya pili. Baada ya wiki zikawa kama maji yanayochemka jikoni wakati wewe uko sebuleni. Wifi alilalamika kwamba anagombana peke yake. "Nikisema neno halijibiwi, nikinyamaza naona nimeonea. Wifi, gonga hata sufuria." Sufuria iligongwa. Mwisho wa mwezi wa tisa hata sufuria ilinyamaza. Kilichobaki kilikuwa ni harufu ya sabuni na nguo kwenye kamba.

Siku ya mwisho ya kazi ya mwezi ule, Mkutubi alikaa na ratiba ya mwezi wa kumi mbele yake. Akiwa na rula, angeweza kuufuta mstari wa kwanza na kubaki na mambo matatu. Aliishika rula. Kisha akaiweka, akavuta droo yenye kadi za wanachama waliokufa, akachukua jina la mwanzo la huyu akaliunganisha na la mwisho la yule, mpaka yakatimia kumi. Hayakuwa majina ya mtu yeyote. Aliyaandika kwenye fomu ya mahudhurio, na kwenye kisanduku cha *kwa niaba* akatia sahihi mara kumi. Alifikiri hivi: kisomo kikibaki kwenye karatasi, chumba kitabaki, chumba kikibaki, nitafundisha wale wale, nisiwaone, nisiwasikie, lakini wao wananiona. W mwezi wa kumi, kwa kuchelewa. Y wa kumi na moja. F wa kumi na mbili. Mwanamke yule atasoma.

Ulikuwa uongo mmoja katika miaka kumi na tisa, na aliusema kwa ajili ya mtu mwingine. Fomu ilikubaliwa ndani ya siku mbili.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa kumi, Mkutubi alipofungua chumba cha nyuma aliwakuta watu kumi wamekaa. Walivaa vizuri, nguo zimenyooshwa, viatu havina vumbi. Nyuso zao zilikuwa za kawaida, za watu uliokutana nao foleni ya benki ukawasahau. Walikuwa wamekalia viti vya mbele vyote.

"Habari za asubuhi, Mwalimu," walisema kwa pamoja.

"Nzuri," alisema Mkutubi. Alinusa. Harufu ya sabuni ilikuwa nyuma kabisa, karibu na ukuta, pasipo na viti. Alichukua chaki na kuandika w kubwa, yenye pembe mbili chini, taratibu, ili ionekane kutoka mbali.

Watu kumi waliinua mikono kwa pamoja. "Hatujafika hapo, Mwalimu."

"Hili ni somo la tisa."

"Sisi ni wapya," walisema bila ugomvi. Mmoja wao aliinuka, akachukua kifutio, akafuta ubao, akarudi kukaa.

Mkutubi aliwafundisha a, e, i, o, u. Alisema moyoni kwamba ni mwezi mmoja tu. Lakini fomu ya mwezi uliofuata ilitakiwa ifanane na ile iliyokubaliwa, kwa hiyo watu wale wakawa wapya tena. Mwezi wa kumi na moja walikuwa hawajui a. Mwezi wa kumi na mbili waliitazama kama wanaiona leo. Hawakuwa wajinga wala wakaidi. Walishika chaki vizuri na kushukuru mwisho wa somo. Ila mikono yao haikuwa na kumbukumbu, kwa kuwa hawakuwahi kuandika chochote.

Mchana mmoja, siku ya kawaida, Mkutubi aliingia kwa hila chumba cha nyuma ili aandike herufi tatu ubaoni na kuziacha hapo, aliyepo azione. Aliwakuta wale kumi wamekaa. Hawakuwa na nyumba za kurudi, maana fomu haina safu ya makazi. Aliandika w. Walimsubiri amalize, wakafuta. Aliandika y. Wakafuta hiyo nayo, wakamrudishia chaki.

"Nina miaka kumi na tisa ya kazi," aliwaambia.

"Hongera, Mwalimu."

Alitoka akakaa kwa Bawabu. Bawabu alimsogezea benchi. Walikaa muda mrefu wakiangalia geti.

"Ndio hivyo," alisema Bawabu. "Ukimfunga paka ghalani amle panya, ukirudi unakuta paka anakula nafaka."

"Paka hali nafaka."

"Wako wanakula."

Mkutubi akauliza, "Bado wanakuja? Wale wangu."

"Huyo wa lipu aliacha. Nafikiri. Sijakanyagwa tangu mwezi jana. Wa mkaa huja wawili, wanapita pamoja siku hizi. Dobi hakosi."

Mwezi wa kwanza wa mwaka mpya, makao makuu yalituma cheti. Kilisema tawi hili limekuwa la kwanza kwa mahudhurio ya kisomo, asilimia mia moja, hakuna aliyekosa hata siku moja. Mkaguzi alikuja mwenyewe kukikabidhi. Aliwapa mikono wale kumi, akasema wamejenga nidhamu ya mfano. Walipiga picha. Kwenye picha ile, nyuma ya mstari wa watu kumi waliotabasamu, upo ukuta mtupu, na kwenye ukuta, usawa wa kiuno, pana alama ya unyevu kama pale mtu mwenye aproni iliyolowa anapoegemea. Cheti kilibandikwa kwenye ubao wa matangazo, na chenyewe kikalalia kushoto.

Wifi siku hizi anapakua sahani mbili kwa mazoea, bila maneno. Jioni anaanua nguo za wateja pale anapoona kamba imejaa. Kuna mtungi wa maji unaojazwa asubuhi, kuna beseni lenye povu, na kuna shati jeupe moja la kike, dogo, linalofuliwa kila siku na kuanikwa mwisho wa kamba. Hakuna mteja anayelidai. Wifi alilitafuta doa akalikosa. Kesho yake lilikuwa ndani ya beseni tena.

Daftari limo mfukoni mwa aproni, kwenye nailoni, halijalowa. Kwenye ukurasa wa pili, kwa herufi kubwa, moja moja, mkono wa mgonjwa lakini unaosomeka, jibu la kitendawili liko hivi: MOYO WAKO, MAMA. UANIKE. USIUFUE TENA.

Kulisoma lote kunahitaji somo la tisa, la kumi na la kumi na moja. Ratiba ya mwezi ujao imeshabandikwa, pini mbili juu na mbili chini. Jumamosi ya kwanza, kisomo cha watu wazima, chumba cha nyuma, somo la kwanza.